Sendofu Moshi, harusi Unguja, begi moja la mgongoni: nifanyeje?

Mwalimu_wa_Kimara:

Wadau, habari za jioni. Naomba ushauri kabla sijafungua kabati nikachanganyikiwa.

Julai hii nina safari ya siku tisa. Jumamosi ya kwanza ni sendofu ya mdogo wangu Moshi, na kamati imeshatangaza rangi: kijani na dhahabu. Nakaa siku chache kwa mama, narudi Dar, nalala usiku mmoja, asubuhi napanda boti kwenda Unguja kwa shoga yangu niliyesoma naye chuo. Anaolewa. Nimeambiwa kuna kesha, kuna nikaha, halafu kuna sherehe ya wanawake ukumbini.

Nataka kubeba begi la mgongoni tu. Desemba nilikwenda Unguja na sanduku la magurudumu. Gurudumu moja lilibaki kwenye uchochoro wa Mji Mkongwe, nikaliburuta sanduku kama mbuzi aliyegoma njiani. Ndani mlikuwa na nguo kumi na nne. Nilivaa tano, nimezihesabu.

Shida nyingine ni status. Wifi zangu wanaangalia kila picha. Sitaki niambiwe gauni la Moshi limevuka bahari. Na Moshi mwezi wa saba ni baridi jamani, huku Unguja ni joto. Nifanyeje?

Kaka_Mizigo:

Chukua sanduku kubwa, maisha ni mafupi. Utani tu. Nafuatilia uzi.

Bi_Mkubwa_wa_Ngambo:

Mwanangu, hebu nkwambie. Miaka kumi na mbili nilikuwa nakwenda Dubai kufuata mabuibui na mitandio ya kuja kuuza dukani. Mwenye biashara ile hendi na nguo, maana kila kilo ya nguo yako ni kilo ya mzigo uliyoiacha Deira. Nilikuwa natoka hapa na mkoba wa kilo nne, na kule nikikaa wiki nzima, wenyeji wangu wananiuliza, bibi nguo zako umezificha wapi?

Kosa lako ni kuhesabu siku. Umesema siku tisa, ukaona nguo tisa. Hesabu shughuli. Shughuli zako ni nne: sendofu, kesha, nikaha, ukumbini. Siku zilizobaki uko kwa mama au uko njiani, na mama yako anajua ulivyo.

Sasa sikiliza. Buibui moja jeusi la krepu, zuri, lenye kazi kidogo mikononi. Krepu haishiki makunyanzi. Ulikunje vyovyote, ukilitundika usiku asubuhi limenyooka. Basini ndiyo koti lako. Nikaha unalivaa na mtandio mzuri, umemaliza. Ukumbini unakwenda nalo na ukifika unalivua, kwa sababu huku kwetu mavazi ya wanawake yanaonekana ndani kwa wanawake. Na simu mara nyingi mwenye shughuli anakataza kupiga picha. Wifi zako wataona nini? Gauni lako la kijani livae bila wasiwasi. Watu wa Moshi na watu wa Ng'ambo hawajuani.

Kesha usijisumbue. Muulize shoga yako kama wametoa sare ya kanga. Mara nyingi ipo, unalipia doti yako, unaikuta huko huko. Kama haipo, beba doti moja tu nzuri, mpya lakini iliyofuliwa mara moja ili wanga utoke, maana kanga yenye wanga inasimama kama bati. Doti hiyohiyo utaisalia, utajifunika basini, utajifutia maji ukitoka kuoga. Na usome jina lake, yale maneno yaliyoandikwa juu yake, kabla hujanunua! Nilimwona mgeni kwenye harusi amevaa kanga ya kumsema mke mwenza, maskini hakuwa na habari.

Mapambo usibebe. Siku ya ukumbini tuma mtoto akununulie kikuba: asumini, rihani, langilangi. Unakibandika kifuani kwa pini. Hakina uzito na hakuna cheni ya dukani inayokishinda. Gauni likikaa begini siku tano likanukia begi, mwombe mwenye nyumba chetezo, litundike juu ya moshi wa udi robo saa.

Viatu jozi mbili, basi. Za kufungwa unavaa njiani, makubazi ya shanga unatia begini, na ndani yake unasokota soksi na nguo za ndani.

Fundi_Tandika:

Naongezea kidogo kwa dada. Hilo gauni la kijani kama bado hujalishona, usishone gauni. Mwambie fundi wako akate sketi ndefu na blauzi, kitambaa kimoja. Moshi unavaa vyote, watu wanaona gauni. Unguja unavaa sketi na blauzi ya dhahabu, ni nguo nyingine kabisa. Blauzi ya kijani nayo unaivaa na suruali nyeusi siku ya kurudi. Shanga ziwe shingoni tu, usikubali zishuke mpaka chini. Nimewahi kupima gauni la shanga la mteja kwenye mizani ya muuza nyama jirani yangu: kilo mbili na nusu.

Na bitana iwe nyepesi. Bitana nzito ndiyo inayojaza begi, wala siyo kitambaa cha juu.

Kaka_Mizigo:

Na sisi wanaume mtusaidie basi. Nimealikwa harusi mbili za aina hiyohiyo, bara na visiwani.

Bi_Mkubwa_wa_Ngambo:

Wewe kazi yako ndogo, mwanangu. Koti moja la suti, la bluu iliyoiva. Bara unalivaa na suruali yake. Huku unalivaa juu ya kanzu, ndivyo wazee wetu wanavyokwenda kwenye nikaha mpaka leo. Kanzu ikunje mara tatu, iviringishe ndani ya taulo. Ila kofia ya kushonwa kwa mkono usiilaze chini ya nguo, itavunjika umbo na huwezi kuipiga pasi. Itie ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko, ujaze leso ndani yake. Usiitie kwenye kiatu! Mjukuu wangu alifanya hivyo.

Mwalimu_wa_Kimara:

Nimerudi wapendwa, naleta ripoti.

Begi lilikuwa kilo sita na ushee, nililipima dukani kwa Mangi kabla ya kwenda stendi ya Magufuli. Konda alilitazama akapita, hakuniambia habari ya kulipia mzigo. Nilibeba: buibui, sketi na blauzi mbili (Fundi, asante, watu wa Unguja walidhani nimeshona kwa ajili yao), suruali nyeusi, dera la kulalia, mitandio mitatu, makubazi. Sweta na raba nilivaa mwilini.

Yaliyoharibika: Moshi usiku wa pili baridi ilinishinda, nikalala na sweta na koti la baba. Dera nililolifua jioni Unguja asubuhi lilikuwa bado bichi, kumbe nililianika ndani kwa kuogopa umande. Na pini nilisahau, kikuba nilikibana na kibanio cha nywele.

Bi Mkubwa, sare ya kesha ilikuwepo kama ulivyosema, ila jina lake nililisoma nikiwa nimeshaivaa. Halina ubaya. Ukumbini shangazi wa bibi harusi akanishika mkono, akanusa mtandio, akauliza, "Udi huu umeutoa wapi, wewe mtu wa bara?" Nikamwambia nimefukizwa jikoni kwake mwenyewe.

Wifi? Wameona picha moja tu, ya bandarini, nimevaa buibui. Mmoja kaandika: "Mbona umesafiri mikono mitupu?"

Bi_Mkubwa_wa_Ngambo:

Mjibu begi liko mgongoni, halionekani kwa mbele. Safari nyingine dera ulianike juani saa nane mchana, wala usingoje jioni.