Corolla 110: hita inapoa gari likiwa mwendoni, na feni inapuliza namba nne tu

Mkazi wa Njombe

Habari za kazi, ndugu zangu. Ninaendesha Toyota Corolla 110 yenye injini ya 5A, ambayo hita na kiyoyozi chake vinaendeshwa kwa swichi za kawaida za mkono. Ifikapo Juni na Julai hita kwangu ni kifaa cha usalama, kwa kuwa ninatoka Njombe kwenda Makambako kabla ya jua kuchomoza, na kioo cha mbele kinapata ukungu kwa ndani kiasi kwamba ninalazimika kukifuta kwa kitambaa huku ninaendesha.

Matatizo ni mawili. La kwanza, gari likiwa limesimama linaunguruma, hita inatoa hewa yenye uvuguvugu, lakini nikishaingia barabara kuu na kukaza mwendo hewa hiyo inakuwa baridi, na mshale wa joto la injini unashuka hadi karibu na chini kabisa. La pili, feni ya ndani haiitiki nikiweka namba moja, mbili wala tatu; inapuliza kwenye namba nne peke yake. Maji ya rejeta yamejaa, zulia ni kavu pande zote mbili, na sioni mahali panapovuja. Fundi niliyemwendea ameshauri dashibodi yote ishushwe ili rejeta ndogo ya hita ibadilishwe, kazi ambayo gharama yake ni kubwa kwangu. Je, yapo mambo ninayoweza kuyakagua mwenyewe nyumbani kabla ya kufika huko? Nina spana, bisibisi na mita ya kupimia umeme. Kiyoyozi chenyewe sikiwashi msimu huu, kwa sababu sihitaji ubaridi.

Spana14

Ndugu, nakusihi usiruhusu dashibodi ishushwe kwanza. Dalili uliyoieleza inaelekeza kwenye thamostati, kile kilango cha maji ya injini kinachofunguka kwa joto, na naamini ukiifungua utakuta imekwama ikiwa wazi, au haimo kabisa kwa sababu mtu aliyekuwa na gari hilo kabla yako aliitoa.

Hita ya gari haina moto wake. Inaazima joto la maji yanayotoka kwenye injini. Thamostati ya injini hiyo huanza kufunguka maji yakifika nyuzi 80 hadi 84 za Selsiasi, na kabla ya hapo huyazuia yasiende kwenye rejeta kubwa. Isipokuwepo, maji yanapita kwenye rejeta tangu unapowasha gari, na upepo wa mwendo unayapoza kuliko injini inavyoyapasha. Ndiyo maana ukisimama unapata uvuguvugu na ukikimbia unapata baridi. Hali ingekuwa kinyume, yaani joto likija unapokanyaga mafuta na kupotea injini ikiunguruma bila kukanyagwa, ningekuambia utazame upungufu wa maji au pampu ya maji iliyochoka. Na rejeta ya hita ikitoboka, zulia hulowa, kioo hupata utando unaoteleza kama mafuta, na kama una kulanti (dawa ya kupozea injini inayochanganywa na maji ya rejeta) utasikia harufu yake tamu ndani ya gari. Kwako hakuna hata moja kati ya hayo.

Kipimo ni hiki. Injini ikiwa imepata joto na swichi ya hita ikiwa upande wa moto, zima gari, kisha shika kwa uangalifu mipira miwili midogo inayopenya kwenye bati linalotenganisha injini na chumba cha abiria. Yote miwili ikiwa moto sawasawa na ndani hewa ni baridi, tatizo ni kilango cha ndani kinachochanganya hewa, au waya wake umechomoka. Mmoja ukiwa moto na mwingine baridi, rejeta ya hita imeziba, au koki ya maji, kama gari lako linayo, haifunguki. Yote miwili ikiwa vuguvugu tu, maji yenyewe hayana joto, na hapo tunarudi kwenye thamostati.

Dereva wa Pwani

Kwa heshima, Spana14, naomba nitofautiane kidogo. Huku Dar es Salaam karibu kila fundi anaitoa thamostati, na magari yanakaa kwenye foleni mchana kutwa bila kuchemsha. Nimekuwa nikiamini kwamba kifaa hicho kilitengenezwa kwa ajili ya nchi za theluji. Akiirudisha, hataliweka gari lake katika hatari ya kuchemsha akishuka huku kwenye joto?

Spana14

Nashukuru kwa swali, maana imani hiyo imeharibu injini nyingi. Thamostati nzima ikifika karibu nyuzi 95 inakuwa imefunguka yote, na kuanzia hapo haizuii kitu. Gari linalochemsha Dar es Salaam likiwa na thamostati nzima lina ugonjwa mwingine: rejeta imeziba kwa kutu na chumvi za maji ya bomba, feni ya rejeta haiwaki kwa wakati, mfuniko wa rejeta haushiki presha, au gasketi ya silinda hedi imeungua. Kuitoa thamostati kunachelewesha dalili tu, na ugonjwa unabaki palepale.

Kwa mwenzetu wa Njombe mfuniko una uzito zaidi. Mji huo uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,900, ambako maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Mfuniko ukichoka, maji yanachemka mapema ingawa hewa ya nje ni baridi. Fundi anaona mvuke, anatoa thamostati, na mwenye gari anakosa hita bila kujua sababu. Zaidi ya hayo, injini isiyofikia joto lake hupewa mafuta mengi kuliko inavyohitaji, kwa sababu kompyuta ya gari inapokea taarifa kwamba bado ni baridi. Petroli hiyo ya ziada hulipiwa kila siku, na mashine inalika haraka.

Fundi Umeme wa Magari

Niongeze kuhusu feni, kwa kuwa hilo ni tatizo jingine kabisa. Katika mfumo huu namba moja hadi tatu hupitisha umeme kwenye rizista ili kupunguza kasi, ilhali namba nne hupeleka umeme moja kwa moja kwenye mota. Feni inayofanya kazi namba nne peke yake inakuonyesha kwamba mota ni nzima na rizista ndiyo imekatika.

Ondoa kwanza waya hasi wa betri, kisha toa kisanduku cha dashibodi upande wa abiria. Nyuma yake utaona mota ya feni, na karibu nayo kipande kidogo kilichofungwa kwa skrubu mbili na chenye plagi ya waya kadhaa: hiyo ndiyo rizista. Imewekwa ndani ya njia ya upepo kwa makusudi, ili hewa inayopita iipoze. Ukiitoa utaona nyaya zilizojikunja kama springi na fyuzi ndogo ya joto iliyochomelewa. Ipime kwa mita, na tazama plastiki ya plagi kama imegeuka kahawia au kuyeyuka. Tafadhali usiiunganishe fyuzi hiyo kwa kipande cha waya, hata kama utaambiwa kwamba wengi hufanya hivyo. Majani makavu huanguka humo kupitia matundu yaliyo chini ya waipa, na rizista isiyo na kinga inaweza kuyawasha moto.

Kabla ya kufunga rizista mpya, zungusha feni kwa kidole. Ikiwa nzito au inakwaruza, mota inavuta umeme mwingi na itaiunguza hiyo mpya pia.

Kuhusu ukungu, washa kiyoyozi pamoja na hita. Hewa hupita kwanza kwenye evaporeta, yaani rejeta ndogo ya kiyoyozi, iliyo baridi, unyevu wake unageuka kuwa matone na kutiririka nje chini ya gari, ndipo hupita kwenye rejeta ya hita na kufika kwenye kioo ikiwa kavu na yenye joto. Swichi ya hewa iweke upande wa hewa ya nje. Ukizungusha hewa ya ndani, pumzi zenu zinarudi kwenye kioo. Injini ikiwa inawaka, bonyeza kitufe na usikilize kama klachi ya kompresa, pampu inayosukuma gesi ya kiyoyozi, inagonga. Isipogonga, huenda gesi imepungua na swichi ya presha inaizuia kompresa isiharibike, ingawa fyuzi na relei nazo zikaguliwe.

Hapo ndipo kazi ya nyumbani inapoishia. Gesi ya kiyoyozi, R134a, ikitoka kwenye paipu huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, kwa hiyo inaunguza ngozi kwa baridi na inaweza kupofusha macho. Tena, kwa uzito uleule, inapasha joto dunia takriban mara 1,430 kuliko hewa ya ukaa, na ndiyo maana Marekebisho ya Kigali ya mwaka 2016, ambayo ni makubaliano ya kimataifa, yanataka matumizi ya gesi za jamii hii yapunguzwe. Tafuta gereji yenye mashine ya kuinyonya, na waombe watafute panapovuja kabla ya kujaza.

Mkazi wa Njombe

Nawashukuru sana. Mipira yote miwili ni vuguvugu tu, nami nimefungua kikombe cha thamostati: ndani hamna kitu, ni gasketi na gundi nyingi. Rizista nayo imekatika, na plagi yake ina alama ya kuungua upande mmoja. Nikishanunua thamostati, je, naifunga tu na kujaza maji?

Spana14

Ipime kwanza, kwa sababu hata mpya huwa mbovu. Itumbukize kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, ichemshe taratibu, na uone kama inaanza kufunguka karibu na nyuzi 82. Kwangua gundi yote ya zamani, weka mpira wake mpya, na hakikisha kile kipini kidogo cha kutolea hewa kinaelekea juu. Kwa kuwa unafungua mfumo, badilisha mfuniko wa rejeta kwa wenye kipimo kilekile, na jaza mchanganyiko wa nusu kulanti na nusu maji safi yasiyo na chumvi.

Hewa iliyonaswa ndiyo huwakatisha watu tamaa baada ya kazi hii. Paki gari pua ikiwa imeinuka, weka hita upande wa moto kabisa, acha injini iungurume bila mfuniko huku unaongeza maji polepole, na bonyeza mpira wa juu wa rejeta mara kwa mara mpaka mapovu yaishe. Funga mfuniko feni ya rejeta ikishawaka na kuzima, na usiufungue tena mpaka injini ipoe kabisa. Kesho yake asubuhi, kabla ya kuwasha, tazama kimo cha maji. Yakiwa yameshuka kidogo, ongeza. Na plagi iliyoungua usiirudishe kwenye rizista mpya. Kata, unga plagi nyingine kwa kuichomelea vizuri kwa risasi, kwa sababu mguso uliolegea huzalisha joto, nayo rizista itaungua tena.