Mjadala: Mnunuzi wa bidhaa iliyotoka kwenye dhuluma ana kosa gani katika sheria ya Kiyahudi?

Wakuu, naomba tulijadili hili bila kutukanana dini. Mtu akinunua shati au simu huku akijua kwamba waliofanya kazi hiyo walidhulumiwa, kosa linamfikia? Nimechagua sheria ya Kiyahudi kwa sababu marabi wamelibishania jambo hili karne kwa karne na hawajaafikiana.

Kwenye wizi wenyewe hakuna ubishi. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za marabi, inakataza kununua sufu, maziwa au watoto wa mbuzi kwa mchungaji, na kuni au matunda kwa mlinzi wa shamba. Kuku na mayai nunua popote, lakini muuzaji akikwambia "ficha", achana naye. (Aliyeibiwa vioo vya gari usiku akauziwa vilevile asubuhi anaijua hiyo "ficha".) Talmudi, kitabu cha mijadala ya marabi juu ya Mishna, inasema mwizi si panya, mwizi ni tundu, yaani anayempokelea mwizi mali. Musa bin Maimun, mwanasheria mkubwa wa Kiyahudi wa karne ya 12, akatoa sababu: mnunuzi anamtia nguvu mwizi, maana asipopata wa kumuuzia hataiba.

Ubishi unaanzia kwenye jasho. Torati inataka kibarua alipwe siku hiyohiyo, kabla jua halijatua. Marabi wakauliza: huyu alipanda ngazi, akaning'inia mtini, akahatarisha roho yake, alifuata nini kama si ujira? Rava, mmoja wa marabi wa Talmudi, akaenda mbali zaidi, akasema kuzuia ujira na kunyang'anya ni kitu kimoja. Basi shati lenyewe ni mali ya wizi? Wenye kushika sheria kwa herufi wanasema hapana: kitambaa ni cha tajiri, na kibarua anadai fedha zake, hadai shati.

Halafu wanaleta hoja ya mto. "Usitie kwazo mbele ya kipofu" wanaisoma kuwa usimwezeshe mtu kutenda dhambi. Mfano wao ni Mnadhiri, aliyeweka nadhiri ya kutokunywa divai. Yuko ng'ambo ya mto na wewe una kikombe: ukimvushia, umemkwaza. Mkiwa ng'ambo moja na divai anaifikia mwenyewe, hujavunja Torati. Kwa lugha ya leo, usiponunua simu wewe watanunua wengine, na kobalti ya betri zake huko Kolwezi, Kongo, itachimbwa vilevile. Hoja nzito, sikatai. Ila wanaoipenda huruka sehemu inayofuata: wanazuoni wengi wanasema hata hapo marabi wamekataza kumsaidia mkosaji.

Haya si ya vitabuni tu. Tarehe 12 Mei 2008 maofisa wa uhamiaji wa Marekani walivamia machinjio ya Agriprocessors, mjini Postville, Iowa, wakakamata wafanyakazi 389, wengi wao Waguatemala. Ndiyo yaliyokuwa machinjio makubwa kuliko yote ya nyama ya kosher (iliyo halali kwa sheria ya Kiyahudi) nchini humo. Rabi Morris Allen wa Minnesota alikuwa tayari anapigania alama ya pili kwenye pakiti, ya kuonyesha wafanyakazi wanatendewaje. Wapinzani wakamjibu kwamba kosher ni kosher, mishahara iachiwe serikali. Mwaka 2009 kikundi cha Wayahudi wa Kiothodoksi, Uri L'Tzedek, kikaanzisha muhuri wa Tav HaYosher, wa kutolewa bure kwa migahawa ya kosher inayolipa ujira wa haki, inayoheshimu saa za kazi na kulinda usalama wa wafanyakazi.

Mimi niko upande wa tundu. Hoja ya nani mwenye shati naiona ni ya kiwakili: sababu aliyoitoa Musa bin Maimun haihusu kitu kilichouzwa, inahusu anayetiwa nguvu, na tajiri anayekula jasho la watu anatiwa nguvu na fedha yangu kama mwizi mwingine yeyote.

Ninapokwama ni hapa. Mwizi wa mbuzi akikosa mnunuzi mmoja anaumia usiku uleule. Kiwanda hakijui hata kama nimegoma. Sasa wenye hoja ya mto, nijibuni: wanunuzi wangapi wakigoma ndipo kila mmoja wao awe ng'ambo ya pili?