Hadithi ya upelelezi kwa maneno 100: kidokezo changu hakishiki, naomba ushauri

BintiKibokoni
Hamjambo wanabaraza. Kikundi chetu cha kusoma kinaandika hadithi za upelelezi, sharti ni moja tu: isizidi maneno 100. Yangu ni mia mbili na ushei na haitaki kupungua.

Kisa chenyewe: sonara wa Mji wa Kale, Mombasa, ameibiwa na kuuawa. Mshukiwa anadai usiku ule alikuwa kwake Likoni, ambako amekaa miaka kumi, na kwamba alivuka feri kwa miguu akalipa nauli. Hapo ndipo anaponaswa, maana waendao kwa miguu huvuka bure, wenye magari ndio hulipa. Nimeanza na mvua, nikaja kwa sonara na wanawe, kisha inspekta na kitambi chake. Nikikata, inabaki taarifa ya polisi. Nikate wapi?

KijanaWaTudor
Anza maiti ishazikwa. Mvua toa, watoto toa, kitambi toa (pole). Kwenye maneno 100 mpelelezi ni msomaji. Ukimletea mwingine wa kumfanyia kazi yake, atasinzia. Na kichwa kwa kawaida hakihesabiwi, basi kitumikishe. "Sonara wa Ndia Kuu" tayari kimetupa mahali na marehemu, bure kabisa.

MgeniWaNakuru
Mimi sijawahi kuvuka Likoni. Ningefika mwisho niulize, sasa kosa lake nini?

MzeeWaBaraza
Huyu wa Nakuru kasema kweli. Lakini bibie, usije ukatia sentensi ya kumfafanulia. Kidokezo kikishaelezwa kimekufa. Tuonyeshe watu wakipanda bila kulipa, mara moja tu, upite. Na ile miaka kumi usiiguse, ndiyo inayomfunga: mgeni asiyejua habari ya nauli hana neno, mwenyeji asiyejua ni mwongo.

BintiKibokoni
Shukran sana. Nimeijaribu hivi:

SONARA WA NDIA KUU
"Naishi Likoni miaka kumi. Usiku ule nilivuka mapema, kwa miguu."
"Nauli ya feri?" koplo akauliza.
"Shilingi ishirini. Nililipa mwenyewe."
Koplo akatazama dirishani. Umati ulikuwa ukimiminika ndani ya feri, akina mama na ndoo za samaki, wanafunzi, wachuuzi. Hakuna aliyetia mkono mfukoni.
"Rudia," akasema. "Nataka niandike vizuri."

KijanaWaTudor
Wallahi hata hamsini hayafiki! Na hiyo "rudia" imenimaliza. Koplo keshajua, mshukiwa bado.

MzeeWaBaraza
Nzuri, ila mimi ningeliondoa swali la nauli. Mwongo mwache ajisemee mwenyewe, waongo hupenda kuongeza chumvi. Akiulizwa, wakili atadai alibabaishwa.

KijanaWaTudor
Mzee, wakili tena? Umtie wapi? Bila swali, mtu ataje nauli kwa sababu gani? Hapo ndipo msomaji atashtuka mapema.

MzeeWaBaraza
Ashtuke! Nani kakwambia hadithi ya upelelezi ni lazima ifichwe mpaka neno la mwisho?

MgeniWaNakuru
Nyinyi endeleeni. Mimi safari hii nimeelewa, na ni ule mfuko ulionielewesha. Swali libaki, "wachuuzi" ndio wangetoka.