Kulinganisha orodha mbili kwenye programu: tupeane uzoefu

Wakuu, heshima kwenu. Nafundisha vijana Python, lugha ya kuandikia programu, jioni, na zoezi la "programu iseme kama orodha mbili ni sawa" ndilo linalozua mjadala kuliko yote. Siwaruhusu kugusa kibodi kabla hawajajibu: sawa kwa lipi? Mpangilio una maana? Kinachojirudia kinahesabiwa? Kama kila kitu lazima kifanane mahali pake, alama ya kulinganisha == inatosha; [1, 2] == [2, 1] inatoa False, yaani si sawa. Wengi hukimbilia set(), inayogeuza orodha kuwa seti, basi [1, 1, 2] na [1, 2] zinageuka sawa, maana seti haitunzi marudio. Kama mpangilio hauna maana ila idadi inayo, pitisha zote kwenye sorted(), inayozipanga kwa mfuatano, kwanza. Nyie mnapita njia gani?

Mchangiaji 1: Umegusa penyewe mkuu. Kwangu kinachosumbua wanafunzi ni zip(), inayooanisha vitu vya orodha mbili kimoja kimoja. Inaishia pale orodha fupi inapoishia, kimya kimya. Linganisha hivyo [1, 2, 3] na [1, 2], utaambiwa ni sawa. Tangu Python 3.10 kuna strict=True, inatoa kosa urefu ukitofautiana. Anayeanza namwambia alinganishe len(), yaani urefu, kwanza, basi.

Mchangiaji 2: Huku kwenye lugha ya Java kuna jingine. Ukiweka == kati ya safu (array) mbili, inauliza kama ni kitu kilekile kwenye kumbukumbu ya kompyuta, haiangalii vilivyomo. Mdogo wangu alikesha na hilo. Tumia Arrays.equals(a, b), na kama kuna safu ndani ya safu, Arrays.deepEquals.

Mchangiaji 3: Mimi nimetokea biolojia, na jibu la ndiyo au hapana halinitoshi. Nataka kujua zinatofautiana kiasi gani. Chukua herufi za DNA: GATTACA na GACTATA zinapishana sehemu mbili, ya tatu na ya sita. Hesabu hiyo inaitwa umbali wa Hamming, kwa jina la Richard Hamming aliyechapisha kazi yake ya kugundua na kusahihisha makosa ya data mwaka 1950. Wapeni vijana zoezi hili, ni tamu mno.

Mleta mada: Nalichukua. Urefu ukitofautiana programu ijibu nini?

Mchangiaji 3: Ikatae, itoe ValueError, kosa la Python la thamani isiyofaa. Herufi moja ikidondoka mwanzoni, zote zinazofuata zinasogea na hesabu inakosa maana. Hapo hamia umbali wa Levenshtein, unaohesabu pia herufi zilizoongezwa na zilizofutwa. Ila huo usiwape wiki ya kwanza.