Kioo cha urani, utambi wa karabai au jiwe: kipi kifae darasa la fizikia?

MwalimuKidato4: Wakuu, nataka vijana waone mambo mawili: kitu kinachong'aa kikimulikwa, na kitu kinacholiza Geiger, yaani kipima mionzi. Nina tochi ya urujuanimno, ya kukagulia noti bandia. Nichukue kibakuli cha kioo cha urani, utambi wa karabai wa zamani, au kipande cha autunaiti, jiwe lenye urani?

mama_mawe: Jiwe sahau. Autunaiti inawaka kijani-njano mpaka raha, lakini ikikauka inabanduka magamba, na vumbi la urani darasani halina utani. Tena inatoa radoni, gesi yenye mionzi.

Karabai77: Utambi! Ule wa zamani ni oksidi ya thoriamu, yenye mionzi, 99%, iliyobaki seriamu, mchanganyiko wa Auer von Welsbach wa 1891. Geiger inalia papo hapo.

mama_mawe: Inalia, sawa. Sasa umulike kwa tochi ya mwalimu: kimya. Nuru yake ni ya moto. Ukishaungua unabaki majivu, mtoto akikohoa tu yamepeperuka. Na tambi nyingi za siku hizi ni yitriamu, isiyo na mionzi, Geiger wala haishtuki.

NusuMaisha: Kioo, mwalimu, tena kina kisa. Kung'aa kwake si mionzi. Ioni ya yuranili, yaani urani iliyoungana na oksijeni, inameza urujuanimno na kutema kijani. Zima tochi, giza. Mionzi haijali tochi. Becquerel mwenyewe, mgunduzi wa mionzi ya urani, alijikwaa hapo mwaka 1896: alidhani chumvi yake ya urani lazima ianikwe juani kwanza. Paris ikafunga mawingu, akaiweka kwenye droo juu ya bamba la picha. Alipolisafisha, alama zile pale bila jua, nyeusi tii. Rudia hilohilo: funika kibakuli kwa kitambaa cheusi, waache wasikilize Geiger.

MwalimuKidato4: Na tochi yangu?

NusuMaisha: Kama urefu wa wimbi la nuru yake ni nm (nanomita) 395 inatosha, 365 ni bora zaidi. Angalia usiuziwe kioo cha manganizi, nacho hung'aa kijani hafifu. Geiger ndiyo itakayoamua. Kama uko Tanzania, waulize Tume ya Nguvu za Atomiki kabla ya kuagiza.

Karabai77: Kwa hiyo utambi wangu ndiyo basi?

MwalimuKidato4: Ulete, kaka. Ila ndani ya pakiti yake, na haifunguliwi. Geiger itausikia hukohuko.