Zawadi za mapacha wa Mama Baraka

Anti Umoja: Habari za jioni familia. Mama Baraka amebakisha kama mwezi hivi na ni mapacha, kwa hivyo tuandike orodha hapa mapema, wakati wa Baraka shali zilijaa nyumba na hakuna mtu alikumbuka beseni

Anko Kayole: Poa. Mimi niambieni tu natuma ngapi

Anti Umoja: Pesa baadaye, kwanza tujue vitu. Mama Baraka sema mwenyewe usione haya, ni sisi tu

Mama Baraka: Asanteni sana jamani 🙏 kusema ukweli nguo ndogo za Baraka ninazo bado, mkinunua chukueni za miezi sita kwenda juu. Kitu itanisaidia sana ni nepi za kitambaa zile nyeupe za taulo kama dazani mbili, pampasi za watoto wawili kila siku hatuwezani nazo. Na sasa kufua nepi kunataka maji mengi na huku kwetu mfereji unatoka siku mbili kwa wiki, kwa hivyo pipa kubwa lenye kifuniko ndio naomba kuliko vyote

Anko Kayole: Pipa ni yangu, msiguse

Binti Donholm: Mimi Jumamosi niko Kamukunji, mabeseni na ndoo nachukua huko kwa bei ya jumla. Nguo za mitumba nitaamkia Gikomba bale zikifunguliwa nipate kamera, zile safi za kuchaguliwa kwanza

Dada Nesi: Ukizileta zifuliwe na maji moto na zipigwe pasi kwanza. Na naomba msilete chupa wala maziwa ya kopo, miezi sita ni maziwa ya mama pekee, hata mapacha wanashiba, vile wananyonya ndio maziwa yanazidi. Mito pia hapana, mtoto analala chali kwa godoro isiyobonyea. Neti ya mbu ndio leteni

Shosho: Na wakizaliwa wadogo? Mapacha huja mapema

Dada Nesi: Ni kweli shosho, wengi huja kabla ya wakati. Hapo ndio leso inafanya kazi, mtoto anabaki na nepi, kofia na soksi, anawekwa kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi halafu mnafungwa pamoja, anapata joto na ziwa liko karibu. Hata baba anaweza kumbeba hivyo mama akilala. Kwa hivyo leso ziwe nyingi, za pamba, na mama apate dera za vifungo mbele

Shosho: Basi leso ni mimi. Na njahi na unga wa wimbi nitatuma na matatu

Anti Umoja: Sasa kitu naona kubwa kuliko hivi vyote. Baba Baraka kwa sheria anapata likizo ya wiki mbili, akirudi kazini huyu mama anabaki na watoto watatu peke yake. Mimi pesa zangu nataka zilipe mama wa kufua miezi miwili, na tupange zamu, mtu akija apike, aoshe vyombo, atoke na Baraka nje kidogo, asikae kungoja chai

Binti Donholm: Jumapili zote niwekeni. Na Baraka nitamletea viatu, asione kila mtu anabebea wale wadogo tu

Mama Baraka: Mmenitoa machozi kweli 😭 Anko lakini pima pipa kabla ya kulipa, mlango wetu ni mwembamba

Anko Kayole: Nitumie upana sasa hivi