Mrejesho: seva ya kurushia sherehe mubashara kutoka Dodoma

Wakuu, niliwauliza kuhusu seva ya bei nafuu ya kurushia harusi na misiba mubashara, ndugu walio mbali watazame. Mlioniambia niache kuhangaika na RAM (kumbukumbu ya muda ya seva), nikague kikomo cha data inayotoka, mbarikiwe sana. Video ya megabiti 2.5 kwa sekunde inakula takriban GB 1.1 kwa saa kwa kila mtazamaji. Wakiwa 100 kwa saa mbili, hiyo ni kama GB 225! Kampuni yenye bei ya chini kuliko zote inatoza kila GB ukivuka kikomo, nikaipita.

Nimechukua seva ndogo ya Frankfurt, kori 2 za prosesa na RAM GB 4. Inatosha, maana haibadilishi ubora wa picha. Inapokea na kugawa tu. Aliyesisitiza Johannesburg kwa kuwa ni karibu, nimemsikia, ila kwa HLS (njia ya kumfikishia mtazamaji video kwa vipande vidogo vidogo) mtazamaji anachelewa sekunde kadhaa hata hivyo.

Kazi ilikuwa huku kwetu. Tuko Chamwino, laini moja ya simu, MC anaita watu waje kutunza, ukumbi mzima uko WhatsApp, picha inakwama. Nikaacha RTMP, njia ya zamani ya kutuma video kwenda kwenye seva, nikatumia SRT, inayovumilia zaidi mtandao unaoyumba, nikashusha hadi megabiti 1.5, ikatulia. Upande wa seva ni MediaMTX, programu ya kupokea na kugawa video: inapokea SRT, inatoa HLS, mipangilio yote faili moja.

Kilichobaki ni kurekodi, diski inajaa upesi. Mwenye njia ya kuhamisha faili huku matangazo yanaendelea aniambie.